Bondi ya Shehena na Neno ‘Ajali’

Ukimtajia Mkenya neno dhamana, anawaza korti: mtu kashikwa, jamaa wanachangishana, anatolewa. Bandarini Mombasa dhamana ni kitu kingine, na makarani wa forodha wanaiita bondi tu. Shehena ya Kampala au Kigali hupita Kenya bila kulipiwa ushuru, mradi iwepo bondi, mara nyingi ya kampuni ya bima, kwamba mzigo utavuka mpaka Malaba au Busia. Ukivuka, bondi inafutwa. Usipovuka, ushuru unadaiwa, na mwishowe mzigo wa deni humwangukia mwenye mali.

Mpango huu uliwalenga wafanyamagendo. Unachukulia kwamba mali isiyofika mpakani imeuzwa kisirisiri humu humu nchini.

Kisha ikaja Januari 2008. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na katika siku chache barabara kuu ya kupitia Nakuru, Timboroa na Burnt Forest ikajaa mawe na magogo. Mwishoni mwa mwezi Nakuru na Naivasha zenyewe zikawaka. Hiyo ndiyo njia ya Uganda, bwana, nyingine ya maana haipo. Reli nayo, iliyofika Nakuru mwaka wa 1900, iling’olewa mataruma kule Kibera. Madereva wakalala ndani ya malori wakingoja msafara wenye askari. Kampala na Kigali petroli ikawa adimu. Baadhi ya malori yaliporwa na kuchomwa.

Aliyechomewa mzigo alikuwa katika hatari ya kupata hasara mara mbili. Mali imekwenda, na ushuru wake bado unaweza kudaiwa, maana mpakani hakuna aliyeiona ikitoka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa kamishna nafasi ya kusamehe ushuru wa mali iliyoangamia kwa ajali kabla haijatoka mikononi mwa forodha. Lakini je, lori lililotiwa kiberiti na kundi la vijana limepata ajali? Katika Kiarabu ‘ajal’ ni muda uliopangwa, siku ya mtu kufika. Sisi tumelichukua neno kwa jambo lisilokusudiwa na yeyote, na ndiyo maana tukasema ajali haina kinga. Moto wa Januari ulikuwa na mkono nyuma yake. Wenye bima nao wana jibu lao: ghasia hulipiwa kinga yake kando, na wengi hawakuwa wameinunua.

Kampuni moja ambayo shehena yake ilikwama Mombasa wakati huo iliishtaki Mamlaka ya Bandari ya Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka wa 2009 majaji waliamua kwamba mamlaka hiyo si nchi mwanachama wala taasisi ya Jumuiya, hivyo haishtakiki pale. Suala la nani abebe hasara halikufikiwa.