Kabla ya React Kulikuwa na Kabambe

Wasee, leo wacha tuongee historia kidogo. Mimi ni mtu wa frontendi. Kazi yangu ni kutengeneza ule upande wa programu ambao wewe unauona na kuugusa: menyu, vitufe, rangi, maneno. Vitabu vinaita hiyo sehemu kiolesura. Mimi huiita uso. Na kila nikikaa na madevelopa wenzangu hapa Nakuru, stori ni ile ile: mambo ya uso mzuri yalianzia Marekani, sisi tulikuja kuiga. Mimi nakataa.

Nianze na aibu yangu. Nilimtengenezea shosho yangu wa Molo tovuti ya kuuzia viazi. Picha kubwa kubwa, menyu inateleza, kila kitu kinacheza. Nikashuka naye mpaka shambani, nikafungua kwa simu yake. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Shosho akanirudishia simu: "Mjukuu wangu, hii kitu inafikiria sana. Si wanitumie tu na M-Pesa?"

Niliumia, si uongo. Lakini swali lake lilinifuata mpaka kwa keja. Mbona mama wa miaka sabini na kitu anaamini menyu isiyo na hata picha moja, na yangu anaikataa?

Turudi nyuma. Mwaka wa 2003 Nokia walitoa ile 1100, kabambe yenye tochi. Zile simu za tochi ndizo watu wetu waliziita mulika mwizi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Skrini yake ilikuwa na pikseli 96 kwa 65, rangi moja. Leo aikoni moja tu kwa simu yako inaweza kuwa na pikseli nyingi kuliko skrini hiyo yote. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mafundi wa M-Pesa walipewa wachore.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakishirikiana na Safaricom. Wazo la kwanza halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini wale waliopewa huduma wakaanza mambo yao: huyu anamtumia mwingine, huyu anamlipa mwenzake. Waliotengeneza hawakuwakataza. Waliangalia, wakapunguza, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa, ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Hapo kuna somo ambalo kozi nyingi za mtandaoni huchukua wiki kulieleza. Mtumiaji akikosea njia yako kila siku, pengine njia yake ndiyo sahihi.

Sasa cheki ule uso wenyewe. Menyu iliwekwa ndani ya laini, si ndani ya simu. Kwa hivyo haikujali una simu gani, na haikuhitaji intaneti. Swali moja kwa skrini moja: namba, kiasi, PIN. Halafu SMS inaingia kwako na kwa uliyemtumia. Ile SMS ndiyo risiti, ndiyo ushahidi, ndiyo amani ya moyo. Ongeza kibanda cha kijani, ajenti, na kile kitabu cha kuandika jina na namba ya kitambulisho. Hivyo vyote vilikuwa sehemu ya uso. Shosho hakuamini simu. Aliamini mlolongo mzima, na mwisho wake kulikuwa na mtu anayemjua.

Haukuwa uso kamilifu, tusidanganyane. Kwa miaka kadhaa ulikuwa unaingiza namba bila kuona jina la mwenyewe mpaka pesa iende. Tarakimu moja ikiteleza, pesa imelala kwa mgeni. Baadaye ikaja Hakikisha, ukawa unaona jina kabla pesa haijaondoka. Mstari mmoja tu wa maandishi. Fikiria ni watu wangapi wangelala vizuri kama ungekuwepo siku ya kwanza.

Kisa cha pili kinatugusa sisi wa Rift Valley zaidi, na si kitu cha kuchekea. Desemba 30, 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Eldoret ilikuwa inawaka, na kufikia mwisho wa Januari moto ulikuwa umefika Nakuru na Naivasha. Januari 3, 2008, mwanablogu Ory Okolloh aliuliza kama kuna mtu wa teknolojia anayeweza kuweka matukio kwenye ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaingia kazini, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Uso wake ulikuwa fomu fupi na ramani. Nini kimetokea, na wapi. Baadaye kidogo ungeweza kutuma kwa SMS. Mwaka wa 2010 programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Hakuna aliyeisifu kwa urembo. Ilisifiwa kwa sababu mtu mwenye hofu aliweza kuitumia.

Huko nje, JavaScript ilizaliwa 1995, CSS 1996, React ikatoka 2013. Sichukii hivyo vitu, vinanilisha. Lakini vilikulia mahali penye kompyuta zenye nguvu na intaneti isiyokatika. Sisi kebo za baharini zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo ilikuwa setilaiti, pole pole na bei kali. Ndiyo maana kaka zetu waliishi na Opera Mini, iliyokuwa inabana ukurasa kwenye seva kabla haujafika kwa simu. Ile tabia ya kuhesabu bando haijaisha. Nenda Kaptembwa tarehe 25 uulize.

Na jambo la mwisho: maneno. Hakikisha. Okoa Jahazi. Ushahidi. Majina haya yalifanya kazi kabla hujabonyeza chochote. Lakini neno pia linaweza kukuvuta. Fuliza ilikuja 2019, na kwa Kiswahili kufuliza ni kuendelea bila kupumzika. Jina poa sana kwa mkopo, ukifikiria vizuri. Na unakujia pale pale pesa imepungua, wakati huna muda wa kuwaza. Uso unaweza kukulinda kama Hakikisha, na unaweza kukusukuma pia. Anayeuchora ndiye anaamua, na siku hizi anayeuchora ni mimi na wewe.

Ile tovuti niliifuta karibu yote. Imebaki ukurasa mmoja wa Kiswahili: bei ya gunia, picha moja ndogo, na namba ya kupiga. Shosho aliifungua, akasoma, akasema bei niliyoweka ni ya wiki iliyopita.

Nikarekebisha hapo hapo. Hiyo ndiyo ripoti bora ya mtumiaji nimewahi kupata.