Sauti Sita za Kutoa Huzuni, na Mwanamke Aliyezipanga Upya



Kila wiki mnatutumia video za bakuli la shaba linalogongwa taratibu, na chini yake pameandikwa kwamba hiyo ni tiba ya kale ya Kichina ya kuondoa msongo wa mawazo. Mabibi harusi ndio wanaotuma zaidi, maana siku zile za mwisho usingizi huwa haupatikani. Basi leo tuielezee historia yenyewe. Bakuli zile zilipata umaarufu wa tiba huko Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 1970. Waganga wa kale wa China waliandika habari za sauti nyingine, ambayo chombo chake hakinunuliwi, kwani ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe.

Kitabu chao kikubwa cha utabibu kinaitwa Huangdi Neijing, na kilikusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita. Humo mwili una viungo vitano vikuu, na kila kimoja kimepewa hisia yake na sauti yake. Ini limepewa hasira, na sauti yake ni ukelele. Moyo una furaha, na sauti yake ni kicheko. Bandama ina mawazo mengi, na sauti yake ni kuimba. Mapafu yana huzuni na kilio, figo zina hofu na mguno. Kwa Mswahili mambo haya si mageni sana. Mtu akituumiza tunasema ametukata maini, na mwenye mengi ya kusema husema kifua kimemjaa. Wenzetu waliyaingiza katika utabibu, hata mganga alipomkagua mgonjwa alitakiwa aisikilize sauti yake pamoja na kumshika mshipa wa mkono.

Ushahidi wa zamani upo ardhini pia. Katika miaka ya 1972 hadi 1974 yalichimbuliwa makaburi matatu pale Mawangdui, mjini Changsha. Moja lilikuwa la bibi mmoja wa ukoo wa kitawala, Xin Zhui, na ndani mlikuwa na kinanda cha nyuzi 25. Mlikuwa pia na gauni la hariri lenye mikono mirefu ambalo uzito wake wote ni gramu 49. Sisi wa cherehani tulipolisoma hilo ilibidi tuweke kitabu chini kwanza. Gramu 49! Lakini turudi kwenye pumzi. Katika kaburi la jirani, lililofungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ilikutwa hariri iliyochorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, wakinyoosha viungo na kufanya mazoezi ya pumzi. Baadhi ya picha zimeandikwa ugonjwa unaotibiwa.

Aliyeandika waziwazi habari za sauti sita anatajwa kuwa Tao Hongjing, aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536. Makao yake yalikuwa mlima wa Mao, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Jiangsu, mkoa huo huo unaotuletea madaktari wake hapa Zanzibar tangu 1964. Alifundisha kwamba kuvuta pumzi kuna njia moja tu, ya puani, lakini kuitoa kuna njia sita: chui, hu, xi, he, xu na si. Kila moja ina kazi yake, nyingine kutoa joto, nyingine kutoa kero, nyingine kuondoa uchovu mkubwa. Kilichotuvutia ni mgonjwa wake wa ini. Anamweleza kuwa ni mtu anayeumwa macho, mwenye majonzi na asiyeona raha ya kitu, na dawa yake ni kuitoa pumzi kwa sauti ya he. Yaani majonzi yaliandikwa kwenye orodha ya maradhi pamoja na macho kuuma, na hakuna mahali alipomwambia mgonjwa avumilie tu.

Miaka 300 hivi baada yake akatokea mwanamke. Jina lake Hu Yin, mtawa wa Kitao aliyeishi mlima wa Taibai. Mwaka 848 alimaliza kitabu chenye picha za viungo vya ndani na maelezo ya kuvitibu. Kwa kulinganisha na historia yetu, ni wakati wa Khalifa al-Mutawakkil, na Imam Bukhari alikuwa hai. Hu Yin alizichukua zile sauti sita na kuzipanga upya. Mapafu akayapa si, moyo akaupa he, ini akalipa xu, bandama hu, figo chui, na nyongo akaipa xi. Hakuogopa kwamba mwanamume mwenye jina kubwa alikuwa ameshasema vingine. Na mpangilio wake ndio uliobaki. Ile xi ya nyongo baadaye ilihamishiwa sehemu nyingine, lakini hizo tano ukienda leo kwenye bustani yoyote ya China watu wanapofanya mazoezi hayo, utazikuta kama alivyoziweka yeye. Kwa nini jina lake halitajwi kwenye zile video, hatuna haja ya kueleza, mnalijua jibu.

Imani yake haikuwa yetu, na vitabu vya Kitao vina habari za miungu inayokaa ndani ya viungo. Hayo sisi Waislamu tunayaacha huko huko. Tunachosoma hapa ni historia ya utabibu.

Tafakuri nayo iliingia kwa njia ya ukimya. Mtawa wa Kibudha Zhiyi, aliyefariki mwaka 597, aliziweka pumzi hizo sita katika mafunzo yake ya kukaa kimya na kutuliza fikra. Vitabu vya enzi ya Song vikaenda mbele zaidi, vikaelekeza kwamba wakati wa kutoa pumzi sikio la mtu lisiisikie sauti yake. Mdomo unaliumba neno, pumzi inapita, akili inalifuata, na aliyekaa pembeni hasikii kitu. Sisi tuliozoea kusonya hadi nyumba ya tatu wasikie tungepata tabu kidogo.

Lakini sauti ya nje ilitumika pia, na hapa kuna kisa tunachokipenda kuliko vyote. Daktari Zhang Congzheng, aliyeishi kati ya 1156 na 1228, aliitwa kwa mke wa mtu mmoja aitwaye Wei Dexin. Jina la mke mwenyewe halikuandikwa. Mama huyo alikuwa safarini, amelala ghorofani, usiku wakaja majambazi wakachoma nyumba, akaanguka kitandani kwa hofu. Tangu hapo akisikia kishindo chochote anazimia, na watu wa nyumbani wakawa wanatembea kwa ncha za vidole. Zaidi ya mwaka madaktari walimpa dawa za moyo bila nafuu. Zhang alimkalisha kitini, wasichana wawili wakamshika mikono, akaweka meza ndogo mbele yake na kumwambia aitazame. Kisha akaigonga kwa kipande cha mti. Mama akashtuka. Akamngoja atulie, akagonga tena, na tena, na kila mara mshtuko ukapungua. Baadaye zikagongwa mbao za mlango, halafu dirisha la nyuma yake asikokuona. Mwishowe mama akacheka. Usiku ule watu waliwekwa wagonge milango na madirisha yake mpaka alfajiri, na baada ya muda hata radi haikumtisha.

Hakumwita mwoga, wala hakusema ana mashetani. Alianza na sauti ndogo mbele ya macho yake, akampa muda. Madaktari wa nafsi wa zama hizi wana njia inayofanana sana na hiyo.

Mwaka 2003 shirika la mazoezi ya qigong la China lilitoa mpangilio rasmi wa sauti sita pamoja na minyoosho ya mikono, kila sauti ikirudiwa mara sita. Kutoa pumzi taratibu hupunguza kasi ya moyo, hilo halina ubishi. Kwamba xu inaponya ini lenyewe, hapo sisi hatuendi. Na mwenye huzuni isiyokwisha wiki kwa wiki, au anayefikiria kujidhuru, aende hospitali akaonwe na daktari, asiachiwe pumzi peke yake.

Ile ya mapafu, ya huzuni, ni rahisi kuijaribu: meno yanakaribiana bila kukazwa, na hewa inapita kati yake kidogo kidogo mpaka iishe. Tunapompima bibi harusi kifua tunamtaka afanye hivyo kabla ya kusoma futi. Wanaobana pumzi ili waonekane wembamba ndio wanaorudi siku mbili kabla ya nikahi wakitaka gauni lipanuliwe.