Chimbuko la Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii Uingereza

BARAZA la Utafiti wa Sayansi za Jamii la Uingereza lilianzishwa mwaka 1965 kwa Hati ya Kifalme, likiwa chombo cha umma cha kugharimia utafiti wa uchumi, siasa, sosholojia na taaluma nyingine zinazochunguza maisha ya jamii.

Wazo hilo halikukubaliwa mara moja. Mwaka 1946, kamati ya Sir John Clapham ilikiri kuwa taaluma hizo zilihitaji fedha zaidi, lakini ikaona wakati wa kuziundia baraza haujawadia. Takriban miaka 20 baadaye, kamati ya Lord Heyworth, aliyepata kuwa mwenyekiti wa kampuni ya Unilever, ilipendekeza liundwe. Serikali ya Harold Wilson iliridhia, na mwanasosholojia Michael Young akawa mwenyekiti wa kwanza.

Madhumuni yake yalikuwa kutoa ruzuku kwa watafiti, kuwafadhili wanafunzi wa shahada za juu na kueneza maarifa yanayopatikana. Mwaka 1967 liliwezesha kuanzishwa kwa hazina ya takwimu katika Chuo Kikuu cha Essex, ili takwimu zilizokusanywa na mtafiti mmoja ziwafae na wengine.

Mtihani mkubwa ulilikabili baraza hilo katika utawala wa Margaret Thatcher. Waziri wa Elimu, Keith Joseph, aliyetilia shaka iwapo taaluma hizo ni sayansi, alimtaka Lord Rothschild alichunguze. Wengi walitarajia livunjwe.

Hata hivyo, ripoti ya Rothschild ya mwaka 1982 ilipinga hatua hiyo. Ilieleza kuwa utafiti wa jamii mara nyingi hugusa mambo yanayobishaniwa kisiasa, hivyo hauwezi kuachiwa wizara pekee, kwani wizara zinaweza kukwepa kugharimia uchunguzi unaohoji sera zake.

Baraza lilinusurika, lakini neno “sayansi” likaondolewa katika jina lake, likaitwa Baraza la Utafiti wa Uchumi na Jamii. Tangu Aprili 2018 ni sehemu ya chombo cha kitaifa cha Utafiti na Ubunifu cha nchi hiyo.

Fedha zake hutoka serikalini, ilhali maombi ya ruzuku hupimwa na wanataaluma wenyewe. Utaratibu huo ndio unaompa mtafiti nafasi ya kuichunguza hata serikali inayomlipa.