Rada ya Kuhamishika

Neno rada limekwishazoeleka katika Kiswahili. Lilianzia Marekani mwaka 1940, jeshi la majini lilipofupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kugundua kitu na kupima umbali wake kwa redio. Ugumu huanza rada inapopandishwa kwenye lori. Mfasiri hukimbilia rada tembezi, kwa kufuata kliniki tembezi, au huandika lori la rada na kuendelea na kazi. Tuanze na chombo chenyewe.

Rada ya SCR-270 ilibuniwa na Kikosi cha Mawasiliano cha Jeshi la Marekani miaka ya 1930 ikielekea ukingoni. Seti moja ilisafiri kwa magari manne. Lori K-30 lilikuwa chumba cha kazi, lenye vifaa vya redio na kioo ambacho mwendeshaji alikitazama kuona mwangwi wa mawimbi. K-31 lilibeba jenereta ya petroli. K-32 lilivuta K-22, trela la wazi lililobeba antena iliyokunjwa katikati.

Msafara ukiwa njiani, rada hiyo haikuona chochote. Askari walitafuta kwanza mahali pa wazi, wakaegesha, wakaunganisha nyaya za umeme na kuinua antena hadi ikasimama kiasi cha mita 17. Hapo ndipo mota za kwenye trela zilipoweza kuizungusha. Ukubwa huo ulitokana na mawimbi yenyewe. Rada ilitumia megahetsi 106, masafa ambayo leo yanapatikana mwishoni mwa bendi ya FM, na wimbi lake lina urefu unaokaribia mita 3. Wimbi refu hivyo haliwezi kukusanywa kuwa mwali mwembamba bila antena kubwa. Hata hivyo, rada hiyo iliona mbali: hadi kilomita 240 hivi.

Mfano wa kazi yake ni Opana, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, Hawaii. Vituo vya kudumu vya SCR-271, ndugu yake wa kusimikwa, vilikuwa havijakamilika, kwa hiyo ulinzi ulitegemea seti za magari. Tarehe 7 Desemba 1941, zamu ya Joseph Lockard na George Elliott iliisha saa 1:00 asubuhi. Lori la kuwapeleka kupata kifungua kinywa lilichelewa, wakaiacha mitambo ikiwaka ili Elliott ajifunze. Saa 1:02 uliibuka mwangwi mkubwa, zaidi ya kilomita 200 kaskazini. Walipiga simu kambi ya jeshi ya Fort Shafter. Ofisa wa zamu akadhani ni ndege za B-17 zilizotarajiwa kutoka California, akawaambia wasijali. Kabla ya saa 2:00 Wajapani walikuwa wakiishambulia Pearl Harbor.

Baadaye antena zilipungua ukubwa. Magnetroni mpya, yaani kifaa cha kuzalisha mawimbi, iliyoundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1940 iliwezesha mawimbi ya sentimita 10 yenye nguvu, na SCR-584 ya Marekani ikaenea katika trela moja, na dishi lenye kipenyo kisichofika mita 2 juu ya paa. Hata hivyo, trela hilo nalo liliegeshwa na kusawazishwa kabla ya kazi.

Ndiyo sababu napendekeza rada ya kuhamishika. Kutoka hama tunapata hamisha, kisha hamishika: kitu kinachokubali kupelekwa kwingine. Kliniki tembezi nayo huegesha ili itibu, lakini kuzunguka vijiji ndiyo huduma yenyewe. SCR-270 haikuwa na mzunguko. Ilipelekwa mahali ikakaa hadi amri ya kuhama. Rada ya kubebeka tuiachie ile inayochukuliwa na watu, na inayoona huku chombo kikienda, kama ya meli au ya ndege, tuitaje kwa chombo chake.

Magari nayo yapewe majina yake: lori la mitambo, lori la jenereta, lori la kuvuta na trela la antena. Lori la rada halitoshi. Taarifa ya kijeshi ikisema kikosi kimepewa rada 2 za SCR-270, maana yake ni magari 8, yaani malori 6 ya kutafutiwa madereva na mafuta pamoja na trela 2, yote yakihitaji nafasi melini. Msomaji aliyeandikiwa malori 2 ya rada atapanga hesabu ya magari 2.