Paul Panda Farnana: mkulima, askari, na mtu aliyerudi kwao



Kila mara tunapofanya mkutano wa mutuelle, kuna swali moja linarudi: "Hii mambo ya kuchanga franga na kusaidiana, ni yetu ao ni ya wazungu wa ONG?" Mimi mwenyewe ninafanya kazi ya ONG, basi ninaelewa kwa nini watu wanauliza. Jibu langu liko katika historia. Mwaka wa 1919 Mkongomani mmoja, askari aliyetoka kifungoni, alianzisha shirika la kusaidiana. Jina lake ni Paul Panda Farnana. Wengi wetu tulimaliza masomo bila kumsikia.

Alizaliwa mwaka wa 1888 kule Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Alikuwa bado kijana mdogo wakati afisa mmoja Mbeleji, Jules Derscheid, alipomchukua na kumpeleka Ubeleji mwaka wa 1900. Dada ya yule afisa, Louise, ndiye aliyemlea. Siku zile Mwafrika aliyepelekwa Ulaya mara nyingi alikuwa boy wa nyumbani. Panda alitiwa masomoni. Mwaka wa 1904 aliingia shule ya kilimo ya Vilvoorde, akamaliza mwaka wa 1907. Halafu akaendelea Ufaransa, ku shule ya kilimo cha nchi za joto ya Nogent-sur-Marne. Anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ubeleji. Na diploma yenyewe ilikuwa ya nini? Ya kulima. Wazazi wanaosema jembe ni la wale walioshindwa masomo, wasikie hapo.

Mwaka wa 1909 alirudi Kongo kama mtumishi wa serikali ya koloni, akafanya kazi ku bustani ya mimea ya Eala, karibu na Coquilhatville, mji tunaouita leo Mbandaka. Vita ya 1914 ilimkuta Ubeleji, kwa likizo. Angeweza kusema vita ile haimhusu. Lakini alijiandikisha pamoja na Wakongomani wengine wachache, kati yao Albert Kudjabo na Joseph Adipanga, katika kikosi cha wajitoleaji cha Kanali Chaltin. Mwezi wa 8 walipigana Namur. Mji ukaanguka, Panda akakamatwa na Wajerumani, akabaki mfungwa Ujerumani mpaka vita ilipokwisha. Ni zaidi ya miaka 4.

Wakati ule ule, huku kwetu mashariki, askari wa Force Publique walikuwa wanapigana na Wajerumani hao hao. Waliingia Tabora mwezi wa 9 mwaka wa 1916. Pamoja nao walitembea wapagazi kwa maelfu, watu waliotolewa vijijini kubeba risasi na chakula. Wengi hawakurudi kamwe.

Panda alipotoka kifungoni, alikuta Wakongomani waliobaki Ubeleji: askari wa zamani, mabaharia, watumishi wa nyumbani. Walikuwa mbali na jamaa, na mtu akigonjwa hakuna ndugu wa kumtazama. Sisi tuliokaa kambini tunajua maisha hayo. Tarehe 30 Agosti 1919 wakaanzisha Union Congolaise, na jina lake refu lilieleza kazi yake: kusaidiana, na kukuza akili na tabia njema ya Wakongomani. Tuangalie mpangilio huo. Kwanza msaada, halafu akili. Walijua kwamba mwenye njaa hasikii somo, na pia kwamba mwenye kushiba bila somo kesho atarudi kuomba.

Mwaka wa 1920, ku kongamano la mambo ya koloni huko Bruseli, Panda aliomba Wakongomani wapewe masomo, na wasikilizwe katika utawala wa inchi yao. Mwaka wa 1921 alisema tena ku mkutano wa Waafrika na weusi wa dunia nzima, pamoja na W.E.B. Du Bois wa Marekani. Magazeti kadhaa ya Ubeleji yakamshambulia, yakamuita mkomunisti, adui. Kumbe mtu alikuwa anaomba shule.

Mwaka wa 1929 akarudi kwao Nzemba. Alikuwa na diploma na jina, na alikuwa amezoea maisha ya Ulaya. Kule kijijini alianzisha kiwanda kidogo cha mafuta ya ngazi, akajenga shule, akajenga na kanisa dogo. Kazi ya mikono, masomo ya watoto, na mahali pa kusali: mtu yeyote aliyerudi toka ukimbizini anajua kwamba hayo ndiyo tunayatafuta siku ya kwanza tunapokuta nyumba imebomoka. Tarehe 12 Mei 1930 Panda akafariki. Alikuwa amekaa nyumbani karibu mwaka mmoja tu.

Hapo ndipo historia hii inaniuma, na ndiyo sababu nimeiandika. Mwaka mmoja hautoshi kurudi. Mtu anapata shamba limekuwa pori, mpaka umehamishwa, mtoto hajui jamaa yake. Lakini wafadhili wetu, miradi mingi mnatupa ya miezi 12, na mimi nimeandika ripoti zinazosema "wamejitegemea sasa" wakati mihogo ilikuwa bado haijakomaa. Ninaomba tuseme ukweli pande zote mbili.

Na wanachama: Panda alibeba mengi juu ya bega lake peke yake. Ku vikundi vyetu pia, mara nyingi mtu mmoja ndiye anashika daftari, ufunguo wa sanduku na nambari za wafadhili. Akifa ao akihama, kikundi kinalala. Kila komite imufundishe wa pili na wa tatu, tangu mwezi huu.

Mwisho, ombi kwa wazee. Kama babu yako alibeba mizigo mpaka Tabora, ao alirudi na nishani akachukua jembe lake, njoo utueleze ku mkutano ujao. Tutaandika, ili watoto wetu wasimalize masomo bila kusikia.