Sebule Ilitoka Wapi? Nyumba za Vyumba Sita za Magomeni na Temeke

Wengi wetu wa visiwani tuna shangazi, dada au mtoto aliyeolewa Dar es Salaam, Magomeni, Temeke au Kinondoni. Na siku hizi kila ukisikia habari za nyumba ya zamani huko, ni ile ile: ukuta unavunjwa, sebule inatengenezwa. Basi leo tuitazame nyumba yenyewe kabla nyundo haijafika.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar tunaijua sote. Mbele pana baraza. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Mwisho wa ukumbi ni ua wenye jiko, bafu na choo. Ramani hii ilienea Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikaendelea Ilala, Magomeni na Temeke mji ulipopanuka. Nyumba za kwanza zilikuwa za fito na udongo, juu makuti au madebe. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilibomoa nyingi za udongo na kujenga za saruji na bati. Vifaa vilibadilika, ramani ikabaki.

Angalieni jambo moja: katika vyumba sita hivyo, sebule haimo. Si kwamba watu hawakuwa na wageni. Wanaume walikaa barazani, na mgeni wa kiume aliishia hapo. Wanawake walikuwa ukumbini na uani: kusuka nywele, kuchambua mchele, kuzungumza bila ya kujifunika kila dakika. Nyumba ilikuwa imeshapanga stara yenyewe. Adabu ya kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia, tuliyofunzwa katika Surat An-Nur, ilikuwa na mahali pake pa kufanyika.

Vyumba navyo vilikuwa riziki. Mwenye nyumba alikaa kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, lakini nyumba nyingi za uswahilini hazikufika kiwango hicho, zikabaki mikononi mwa wenyewe. Wajane wangapi wamesomesha watoto kwa kodi ya chumba cha mbele!

Sebule iliingia polepole, pamoja na makochi na kabati la vyombo. Kisha ikaja televisheni. Sisi Unguja tulikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara walisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Televisheni inataka ukuta wake na viti vyake. Chumba cha mbele kikageuzwa, au viwili vikaunganishwa.

Hatusemi msitengeneze. Nyumba ni kutunzwa, na sebule safi yenye hewa ni neema. Lakini kuna mambo matatu ya kupima.

Kwanza, ukuta. Kuta nyingi za ndani zimebeba kenchi za paa. Usivunje kabla fundi hajaweka lenta, na tofali za zamani zikaguliwe.

Pili, stara. Mlango wa mbele ukifunguka moja kwa moja kwenye makochi, mama wa nyumba hana pa kukimbilia mgeni akija. Bakisha japo kipande cha ukumbi, au pazia zito. Na baraza msiizibe yote kwa nondo. Hapo ndipo jirani anapokaa.

Tatu, na hili ndilo zito: nyumba ni ya nani? Nyingi ni za marehemu, na mirathi haijagawiwa. Ukivunja vyumba viwili umepunguza kodi, na katika kodi ile mama mjane ana thumuni yake ikiwa marehemu ameacha watoto. Mabinti nao wana fungu lao. Kaka mwenye fedha za kutia jipsamu na vigae hajawa mwenye nyumba kwa sababu hiyo. Warithi wakae, wakubaliane, waandike, ndipo fundi aitwe.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu baraka na utulivu. Amin.