Maelezo ya mwamuzi kabla ya mechi

Maelezo ya mwamuzi kabla ya mechi ni maneno ambayo mwamuzi wa soka huwaambia makocha na manahodha, na mara nyingine wachezaji wote, kabla ya kupuliza kipyenga cha kwanza. Lengo lake ni kila upande uingie uwanjani ukijua mchezo utaendeshwaje: nani atazungumza na refa, wachezaji wangapi wanaweza kubadilishwa, mapumziko ya maji yatakuwa lini, benchi la ufundi linatakiwa kukaa vipi. Katika ligi kubwa kazi hii imegawanywa katika vikao rasmi. Katika soka la mchangani humalizwa kwa dakika tano kando ya mstari, refa akiwa na mpira kwapani.

Sheria za Mchezo, zinazosimamiwa na bodi ya kimataifa ya IFAB iliyoundwa mwaka 1886, hazimlazimishi mwamuzi kutoa hotuba yoyote. Zinachompa ni mamlaka, na mamlaka hayo hayasubiri mpira uanze. Huanza pale anapoingia uwanjani kuukagua. Mchezaji ambaye jina lake limekwisha kuorodheshwa akimpiga mtu ngumi wakati wa kupasha misuli, anaweza kutolewa hata kabla mechi haijaanza. Nafasi yake itachukuliwa na mchezaji wa akiba aliyeorodheshwa, lakini pengo litakalobaki kwenye akiba halijazwi. Kwa hiyo anayezungumza saa hiyo ni mwamuzi kamili, na wanaomsikiliza wanapaswa kulijua hilo.

Yanayoafikiwa mapema

Baadhi ya mambo hayawezi kuamuliwa baadaye hata kwa nia njema. Vipindi viwili vya dakika 45 vinaweza kupunguzwa tu endapo mwamuzi na timu zote mbili wamekubaliana kabla ya mchezo kuanza, na kanuni za mashindano zinaruhusu. Jambo hili linaonekana dogo mpaka mtu asimamie mechi ya mtaani iliyopangwa saa kumi alasiri, ikaanza saa kumi na moja kwa sababu mechi ya kwanza ilichelewa. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta giza huingia haraka, na kufikia saa moja kasorobo mpira hauonekani tena. Refa aliyewaza mapema huwaita makocha wawili, huwaonyesha saa, na wote hukubaliana juu ya dakika 30 kila kipindi. Aliyesahau atalikumbuka giza katikati ya kipindi cha pili, na hapo hana sheria ya kumwokoa, kwa sababu vipindi lazima viwe sawa.

Ndivyo ilivyo kwa mechi za kirafiki. Timu zinaweza kukubaliana juu ya idadi ya wachezaji wa kubadilishwa, mradi mwamuzi aarifiwe kabla. Kwenye joto la pwani huongezeka suala la mapumziko. Sheria zinatofautisha kusimama kunywa maji, kusikozidi dakika moja, na mapumziko ya kupoza mwili, ya kati ya sekunde 90 na dakika tatu. Kila kocha hupenda kuutumia muda huo kupanga upya timu yake, kwa hiyo ni haki wote wawili wajue utakuja dakika ya ngapi.

Ukaguzi wa vifaa nao ni aina ya mazungumzo. Pete, mikufu, hereni, bangili za mpira na kamba za ngozi haziruhusiwi, na kuzifunika kwa plasta hakuzihalalishi. Pete ya ndoa haina msamaha. Mwamuzi mzuri husema hivyo mapema, timu ikiwa bado inavaa, ili mchezaji apate nafasi ya kuivua kwa sabuni badala ya kubishana mbele ya mashabiki. Kwa upande mwingine, anapaswa kujua kisichokatazwa. Tangu mwaka 2014 sheria zinaruhusu vazi la kichwani kwa wanawake na wanaume, likiwa jeusi au la rangi kuu ya jezi, lisiloshonewa kwenye jezi na lisilo na hatari. Msichana wa Unguja au Lamu anayevaa hijabu ya michezo hapaswi kusimamishwa mstarini na refa ambaye hajaisoma sheria yake.

Pasipo waamuzi wasaidizi rasmi, kila timu hutoa mtu wa kushika kibendera. Hawa huhitaji maelezo kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa kawaida huambiwa wanyanyue kibendera mpira unapotoka nje tu, na kwamba kuotea na faulo ni kazi ya refa peke yake. Wasipoambiwa, kila mmoja atainyima timu pinzani bao la kwanza, na kibendera chake kitakuwa chanzo cha ugomvi.

Nahodha na sarafu

Kurusha sarafu ndio wakati pekee ambapo pande mbili husikia maneno yaleyale kwa pamoja, kutoka mdomo mmoja. Tangu mwaka 2019 timu inayoshinda huchagua ama goli la kushambulia ama kuanza na mpira. Kabla ya hapo ilichagua goli tu. Sheria ya 3 inasema waziwazi kwamba nahodha hana hadhi wala upendeleo wa pekee, ila anabeba sehemu ya wajibu wa mwenendo wa timu yake.

Wajibu huo umepewa uzito mpya. Chama cha soka cha Uingereza kilijaribu tangu mwaka 2008, kupitia kampeni yake ya heshima kwa waamuzi, kumfanya nahodha awe daraja kati ya refa na timu. Katika Euro 2024 nchini Ujerumani, UEFA iliagiza kwamba nahodha pekee ndiye amfuate mwamuzi kuuliza juu ya uamuzi mzito, na atakayemzonga bila ruhusa aonyeshwe kadi ya njano. IFAB imeuweka utaratibu huo katika miongozo yake ili mashindano mengine yautumie. Nahodha akiwa golikipa, mchezaji mmoja wa ndani hutajwa kuchukua jukumu hilo, na mwamuzi huambiwa kabla sarafu haijarushwa. Hivyo mkutano wa katikati ya uwanja, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa kupeana mikono na vibendera, sasa una kazi inayobadilisha jinsi dakika 90 zitakavyokwenda.

Lugha ni kikwazo cha kweli katika mkutano huu. Tarehe 23 Julai 1966, uwanjani Wembley, mwamuzi Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, katika robo fainali dhidi ya Uingereza. Hawakuwa na lugha moja. Rattín alidai mkalimani na akakataa kutoka kwa dakika kadhaa. Mkanganyiko wa siku ile ndio uliomfanya Ken Aston, aliyesimamia waamuzi wa mashindano hayo, abuni kadi za njano na nyekundu, ambazo zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Kadi humwambia mchezaji alichofanyiwa, lakini haziwezi kumwambia mapema kitakachokuja. Ndiyo maana mwamuzi wa Afrika Mashariki anayekutana na nahodha asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hufanya vyema kutumia sentensi fupi, ishara za mkono, na kumuuliza kama ameelewa.

Kisichopaswa kusemwa

Sehemu ngumu ya kazi hii ni kunyamaza. Refa kijana, hasa mwenye hofu kidogo, huvutiwa na maneno makali: leo sitaki mtu aongee, atakayefungua mdomo anakula kadi. Dakika ya tatu mshambuliaji anashika kichwa na kusema kwa unyonge kwamba ile ilikuwa kona. Refa sasa amebanwa na kauli yake. Akimwonyesha kadi, ameanza mechi kwa adhabu ambayo kosa halikustahili. Asipomwonyesha, wachezaji 22 wameshuhudia neno lake halina nguvu. Ahadi ni deni, na deni hili hudaiwa mapema sana.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kipimo kinachofaa ni kimoja: mwamuzi aseme yale tu ambayo ana hakika atayatekeleza kwa njia ileile dakika ya kwanza na ya 90. Taratibu zinakidhi kipimo hicho. Anaweza kusema atazungumza na nahodha, kwamba mchezaji aliyeumia na kutibiwa uwanjani kwa kawaida hutoka nje kwanza, kwamba golikipa ana sekunde nane za kukaa na mpira mikononi na akizidisha ni kona, kama inavyosema sheria tangu msimu wa 2025/26. Hukumu za matukio ambayo hayajatokea hazikidhi. Faulo ya nyuma inaweza kuwa ya uzembe, ya kukosa tahadhari au ya nguvu kupita kiasi, na kila moja ina adhabu yake. Kuitangazia kadi kabla haijachezwa ni kuhukumu bila kuona.

Makocha na benchi

Kocha naye huja na lake. Mara nyingi atamvuta refa pembeni na kumnong'oneza kwamba namba sita wa wale huumiza watu, amwangalie. Jibu linalofaa ni fupi: "Nimekusikia, mwalimu." Refa asiahidi, asibishane, na asizungumzie makosa ya mechi iliyopita hata kama kocha anayakumbuka kwa dakika na sekunde. Ni busara zaidi mazungumzo yote na makocha yafanyike mbele ya mwamuzi mwingine au kamishna wa mechi. Kocha wa upande wa pili akiona wawili wanaongea mlangoni, hana njia ya kujua kwamba walikuwa wakizungumzia rangi za soksi.

Jambo moja la benchi linastahili kusemwa kila mara. Tangu mwaka 2019 viongozi wa timu huonyeshwa kadi kama wachezaji. Kosa likitoka benchi na mhusika asijulikane, kadi humwangukia kocha mwandamizi aliyepo kwenye eneo la ufundi. Kocha anayeambiwa hivi kabla ya mechi huwatuliza wasaidizi wake mwenyewe.

Katika mashindano makubwa

Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, kama ilivyo katika ligi nyingi, kikao cha kabla ya mechi huwakutanisha kamishna, waamuzi na wawakilishi wa timu kupanga jezi, muda na usalama. Ngazi za juu zaidi maelezo hutolewa kwa timu zote kabla ya mashindano au msimu. Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, Pierluigi Collina, mkuu wa kamati ya waamuzi ya FIFA, alitangaza kwamba muda uliopotea ungefidiwa kwa ukamilifu. Hata hivyo wengi walishtuka tarehe 21 Novemba, mechi ya Uingereza na Iran ilipopata dakika 14 za nyongeza katika kipindi cha kwanza, kufuatia kuumia kwa golikipa Alireza Beiranvand.

Mwaka 2023 waamuzi wa Uingereza walichukua mwelekeo huohuo na kukutana na klabu kabla ya msimu. Raphaël Varane wa Manchester United alieleza hadharani kwamba wachezaji na makocha walikuwa wametoa hofu zao kwa miaka mingi, juu ya mechi nyingi na afya za wachezaji, na hawakusikilizwa. Msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ya Uingereza ililegeza hesabu: muda wa kushangilia bao ukawa unafidiwa pale tu mpira unapochelewa kuanza tena kwa zaidi ya sekunde 30.